Kabla hujanionyesha ramani, nionyeshe kiwanja

Haya ni maongezi niliyoyafanya ukumbini huku Goba, Dar es Salaam, kwa watu wanaojenga nyumba zao, wengi ndo mara ya kwanza. Nimeyaandika kama nilivyoongea, nimepunguza kelele tu.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, na mafundi mliojazana pale mlangoni, ingieni jamani viti bado vipo huku mbele, hakuna mtu ataulizwa swali.

Haya, nyoosha mkono kama una ramani kwenye simu yako sasa hivi. Eeh, naona. Karibu wote. Vyumba vitatu, kimoja masta, jiko, stoo, dainingi, baraza mbele lenye nguzo mbili. Umeipata mtandaoni kwa bei ya mifuko kadhaa ya saruji, au umetumiwa bure kwenye grupu la WhatsApp. Sina ugomvi na hizo ramani, nyingine zimechorwa vizuri kabisa. Shida ni kwamba aliyeichora hajui kiwanja chako kiko wapi. Hajui maji yanapita wapi, hajui jirani kajenga umbali gani, hajui kwenye hati yako imeandikwa nini. Ni sawa na kununua viatu vya mtu ambaye hujawahi kumwona mguu.

Mimi kazi yangu ni ubunifu majengo. Watu wanadhani tunalipwa kuchora lakini kuchora kwenyewe kunakuja mwishoni, kazi kubwa iko kabla, unaenda kukisoma kiwanja na unaenda kusoma makaratasi, na hayo mawili ukiyasoma pamoja unagundua kitu ambacho leo nataka mkishike: hizi kanuni za ujenzi tunazozilalamikia, nyingi zimeandikwa na maji, moto na magonjwa. Afisa mipango miji kaja kuziweka kwenye karatasi tu. Nyingi nimesema, sio zote, ziko zilizoandikwa kwa ubaguzi na nitazifikia.

Tuanze na kiwanja chenyewe. Nenda kipindi cha masika. Najua dalali anapenda kukupeleka Januari au Agosti, kumekauka, upepo unapuliza, unaona kila kitu kizuri. Nenda Aprili mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Dar tunapata masika Machi mpaka Mei halafu vuli Oktoba mpaka Desemba, kwa hiyo mwaka una nafasi mbili za kukiona kiwanja kikiwa kinasema ukweli. Ukifika usiangalie kiwanja peke yake, angalia nyumba za jirani, kwenye ukuta chini kuna mstari wa tope? Milango imeinuliwa ngazi tatu nne bila sababu ya maana? Kuna matete, kuna migomba imestawi kupita kiasi wakati hakuna anayeimwagilia? Hayo ni maji yanakusalimia. Halafu kaa na bibi aliyekaa hapo muda mrefu, muamkie vizuri, muulize maji ya mvua huwa yanatokea wapi na yanaelekea wapi. Atakuonyesha kwa kidole. Hicho kidole kina thamani kuliko picha ya satelaiti, japo na satelaiti nayo iangalie, ni bure.

Pili, chimba. Shimo la mita mbili hivi sehemu mbili tofauti za kiwanja, usiku mmoja, kesho yake uangalie. Kama kuna maji yamejikusanya chini bila mvua basi maji ya ardhini yako juu, jambo la kawaida sana Mikocheni, Msasani, Jangwani na sehemu nyingi za Kigamboni. Kama ni pakavu, mwaga maji mle ndani uone yananywewa haraka au yanakaa siku nzima. Kwenye mchanga yananywewa, kwenye mfinyanzi yanakaa. Hii haihusu msingi tu, inahusu choo chako! Yaani sisi wengi wetu hatujaunganishwa na bomba la majitaka la DAWASA, tunategemea septiki, yaani tangi la majitaka chini ya ardhi, na shimo la kunywesha, lile maji yake yananywewa na udongo, sasa kama udongo haunywi, shimo litajaa kila baada ya wiki kadhaa na gari la majitaka litakuwa mgeni wa kudumu hapo nyumbani, na hilo gari lazima lipate njia ya kuingia. Umeacha njia? Unaona jinsi mambo yanavyoungana.

Na mafundi mnisikie, mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka ndo unaopasua kuta zenu halafu mnasingiziwa mchanganyo mbovu. Ukiuona udongo umepasuka nyufa za kuingiza vidole wakati wa kiangazi usimwage msingi wa mazoea, mwite mhandisi.

Tatu ni jua na upepo, hapa nitaomba mnivumilie kwa sababu napapenda. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Maana yake jua letu halikai upande mmoja, katikati ya mwaka mchana linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita upande wa kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye Oktoba, linakuwa utosini kabisa. Kwa hiyo madirisha yakitazama kaskazini na kusini, paa lililotokeza vizuri linatosha kuyakinga, maana jua liko juu. Ila jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini, paa haliwezi kulizuia, na la jioni ndo baya zaidi kwa sababu hewa nayo imeshachemka. Chumba cha kulala chenye dirisha kubwa magharibi ni adhabu, utalala na feni mpaka saa nane usiku au utalipia umeme wa kiyoyozi maisha yako yote. Na upepo, wazee wa pwani walishatufundisha kwa majahazi, kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi ikitokea kaskazini mashariki, halafu inakuja kusi ikitokea kusini mashariki miezi ya katikati ya mwaka. Nyumba ndefu iliyolala mashariki kwenda magharibi, yenye madirisha yanayotazamana kaskazini na kusini, inashika upepo wa majira yote mawili na inakwepa jua la jioni. Bure kabisa, hulipii hata shilingi. Sasa chukua ile ramani ya kwenye simu uniambie, imechorwa kaskazini iko wapi? Haina hata mshale wa kaskazini.

Tuje kwenye sheria, msisinzie.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, kingo za mto, ziwa au bwawa. Mita 60, sio hatua 60 za dalali. Watu huwa wanaona serikali inaonea, kwamba mto wenyewe mwembamba kiangazi unauruka, mita 60 za nini. Muulize aliyekuwa Jangwani Desemba 2011. Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu, unapita katikati ya jiji mpaka baharini pale Selander, unakusanya maji ya paa na lami za nusu ya mji huu, na kila mwaka tunaongeza paa na lami, kwa hiyo kila mwaka unakusanya maji mengi na kwa haraka zaidi. Ile 2011 watu walikufa, familia zikahamishiwa Mabwepande, wengine wakarudi bondeni, halafu mwishoni mwa 2015 ikaja X nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa, na matingatinga. Mimi nawaonea huruma waliovunjiwa, wengi walikuwa hawana pa kwenda na kuna waliokuwa wameuziwa na watu waliojua wanachokiuza. Lakini mto haujui huruma yangu. Hata yadi ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imezama maji mara nyingi tu, na ile haikujengwa na mtu asiye na hela. Sasa hivi kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, watu wamelipwa fidia wakapisha, pesa ambazo zingeweza kufanya mambo mengine kama bonde lingeachwa bonde.

Barabara nazo zina hifadhi, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa. Zamani barabara kuu hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati, Sheria ya Barabara ya 2007 ikapeleka mita 30. Ila kuna barabara zina vipimo vyake vya zamani vikubwa zaidi, na hapa nadhani kila mtu wa upande huu wa mji anakumbuka Morogoro Road mwaka 2017, Kimara mpaka Kiluvya, mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Kulikuwa na magorofa pale. Kulikuwa na makanisa, misikiti, vituo vya mafuta, watu wana umeme, wana maji, wanalipa kodi ya majengo. Nguzo ya umeme sio kibali cha ujenzi ndugu zangu. Risiti ya kodi ya majengo sio kibali. Serikali ya mtaa kugonga muhuri kwenye hati ya mauziano inamaanisha mashahidi wapo kwamba mmeuziana, haimaanishi kwamba pale panajengwa nyumba. Kiwanja kiko karibu na barabara kubwa, nenda TANROADS, wakala wa barabara kuu, kiko kwenye barabara ya mtaa nenda TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, uliza hifadhi inaishia wapi, na waje wakuonyeshe.

Sasa haya mambo ya kugawa mji, kwamba hapa makazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa wazi. Niliahidi kusema ukweli wote. Mji huu kugawanywa kulianza vibaya. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar mwaka 1891, wakaugawa mji kwa aina ya nyumba, ukanda mmoja wa nyumba za Kizungu tu, ukanda wa kati, na ukanda wa nyumba za udongo na makuti. Ukisikia inaitwa aina ya nyumba elewa ni aina ya watu. Waingereza wakaendeleza, ndo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi makusudi kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Wenyewe wakajipa Oysterbay kwenye upepo wa bahari. Kwa hiyo mzee akiniambia haziamini hizi kanda namuelewa, zina historia.

Lakini angalia kilichotokea tulipoacha kupanga kabisa. Mji ulipata mpango kabambe, yaani ramani kuu ya kuupanga mji wote, 1949, ukapata 1968, ukapata 1979 uliotakiwa kuwa wa miaka 20, halafu miaka ikapita mingi tu mpaka tukapata huu wa 2016 hadi 2036. Katikati hapo watu hawakusubiri, sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38, na wote hao walilala mahali. Tukajipanga wenyewe, na kujipanga kwetu ndo huku kwa kupita pikipiki tu, jeneza linatolewa kwa kuinuliwa juu ya ukuta wa jirani, gari la zimamoto likifika mwisho wa lami linasimama. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, ule wa Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Buyuni, ulionyesha kwamba inawezekana, barabara kwanza halafu watu. Nenda Kibada leo uone tofauti, hata kama pana mapungufu yake.

Kwa hiyo wewe ukishika hati au ofa, ile barua ya kugawiwa kiwanja, usiangalie jina lako tu na ukubwa. Tafuta sehemu ya matumizi. Mara nyingi imeandikwa kwa kifupi, kundi na herufi tu, na hizo herufi ndo zinasema makazi tu, au makazi na biashara, au vinginevyo, zisikupite bila kuuliza. Nina wateja wengi wanataka fremu za maduka mbele, chini fremu juu wanaishi wenyewe. Wazo zuri, fremu inalisha familia. Ila kama kiwanja ni cha makazi tu unatakiwa uombe kubadili matumizi kwanza halmashauri, kabla hujachora. Na sio hati yako tu, nenda ofisi ya mipango miji uone mchoro wa eneo lote, kwa sababu mchoro ndo unakuambia kile kiwanja kitupu mbele yako ambacho dalali anasema "hapo hawajengi, upepo wako wa kudumu" kimepangiwa nini. Kinaweza kuwa shule. Kinaweza kuwa kituo cha mafuta. Kinaweza pia kuwa uwanja wa wazi, kikija kujengwa baa na wewe unajua kilikuwa uwanja, una pa kuanzia kulalamika.

Haya, umbali kutoka mpakani. Hapa ndo ramani nyingi za mtandaoni zinakufa. Tuseme kiwanja ni mita 20 kwa 30, mita za mraba 600. Tuseme kwa eneo lako unatakiwa uache mita 3 mbele, 3 nyuma na 1.5 kila ubavu, hizi namba ni za mfano tu, zako kazichukue halmashauri maana zinabadilika kwa ujazo wa eneo, yaani viwanja vimebanana kiasi gani, na matumizi. Inabaki 17 kwa 24, yaani 408. Haijaisha. Kuna asilimia ya kiwanja unayoruhusiwa kufunika kwa paa, tuseme nusu, basi nyumba chini isizidi 300. Halafu kuna uwiano wa sakafu zote kwa kiwanja, tuseme ni moja, maana yake sakafu zote ukijumlisha zisizidi 600, ghorofa mbili za 300 umemaliza. Ndani ya ile nusu iliyobaki kuna gari, kuna septiki, kuna shimo la kunywesha, kuna kamba ya nguo, na kuna mtu anataka kisima. Kipimo kinachotumika sana ni kisima kikae mita 30 kutoka shimo la choo. Kwenye 20 kwa 30 hiyo unaipata pembe kwa pembe tu, na hapo hujahesabu choo cha jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma. Kwa hiyo kwenye viwanja vidogo mimi namwambia mteja kisima asahau, au maji yake yawe ya kuoshea gari.

Watu wanaona kuacha nafasi pembeni ni kupoteza ardhi. Babu zetu hawakuona hivyo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Ilala ile ya korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, ilikuwa na ua nyuma. Uani ndo jiko, ndo kufulia, ndo watoto wanacheza, ndo upepo wa korido unatokea, ndo maji ya mvua yananywewa. Tumekuja sisi tukajaza uani vyumba vya kupangisha, chumba dirisha linatazama ukuta, mchana taa inawaka. Zile mita 1.5 ni uani uliopunguzwa mpaka mwisho wake, ukizila na hizo hakuna kinachobaki, na jirani akiwaka moto unawaka naye.

Kibali cha ujenzi sasa. Unaombea halmashauri yako, huku kwetu ni Manispaa ya Ubungo, wengine ni Kinondoni, Temeke, Kigamboni au Jiji ambalo ndo ilikuwa Ilala. Unapeleka michoro ya usanifu, michoro ya mhandisi kwa gorofa, uthibitisho wa umiliki, na kodi ya ardhi iwe imelipwa. Inapitiwa na watu wa mipango miji, ardhi, wahandisi, afya, zimamoto inapohitajika. Inachosha? Inachosha, sitawadanganya, na kuna siku utaambiwa faili limeenda kwa fulani na fulani yuko safari. Fuatilia kwa utaratibu, weka nakala ya kila kitu. Hakikisha mchoraji wako kasajiliwa na bodi ya wabunifu majengo, mhandisi bodi ya wahandisi, mkandarasi bodi ya makandarasi, unaweza kuulizia wenyewe, majina yapo.

Kwa anayesema kibali ni karatasi tu, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka lote, zaidi ya watu 30 wakafa, wakiwemo watoto. Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo, watu wananunua na kuuza Jumamosi asubuhi. Sitaki kuongea sana hapo, kuna watu humu ndani wana ndugu zao.

Maswali. Mama wa kitambaa cha njano umeuliza ambao hatuna hati tufanyeje. Mama yangu, uko na wenzako wengi. Urasimishaji, yaani zoezi la kupima na kutambua viwanja vya mtaa uliojipanga wenyewe, unapofika kwako usiukimbie, kubali kuachia ile mita moja mbili ya barabara hata kama inauma, leseni ya makazi nayo sio hati lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Na kutokuwa na hati hakukuzuii kupima jua wala kuchimba shimo.

Fundi pale mlangoni, umeuliza jamvi, yaani sakafu ya zege, limeshamwagwa na kibali hakuna. Simama hapo hapo ulipofika, usipandishe hata kozi moja. Mwambie tajiri yako alete mpima akague mawe ya mipaka, halafu mbunifu apime mlichokwisha jenga na kukichora kama kilivyo, ndo mkaombe. Kama kuna chumba kimeingia kwenye zile mita za pembeni, kukikata sasa hivi ni jamvi tu, baadae ni lenta na kenchi na bati. Ila kama mpima akikuta mko ndani ya hifadhi ya barabara au zile mita 60 za mto, usimtafutie tajiri mtu wa kumsaidia ofisini, mwambie aokoe nondo, matofali, na hela iliyobaki. Na wewe fundi dai ujira wako wa kazi uliyokwisha fanya.

Mzee, naona mkono. Karibu.